Springi Imekatika Gari Likiwa Limeegeshwa

SWALI

Ndugu Mjibu Maswali, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari jijini Tanga na nina Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1.3, ambayo ninaitumia kwa mwaka wa sita sasa. Jumapili iliyopita alfajiri, gari likiwa uani tangu jioni na hakuna aliyeligusa, tulisikia mlio mmoja mkali, kama mtu aliyepiga bati kwa nyundo. Tulitoka na tochi tukidhani ni mwizi, wala hatukuona kitu. Kulipokucha nikakuta gari limeinama kidogo upande wa kushoto mbele, na kila ninapokata usukani kuna kitu kinagonga upande wa abiria. Fundi wa mtaani alilipiga jeki, akatoa tairi, akanionyesha springi iliyokatika karibu na mzunguko wake wa chini kabisa.

Fundi huyo anasema kipande hicho anaweza kukichomelea siku hiyohiyo. Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam anasema nimpelekee gari kule anitafutie springi moja ya mtumba. Jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu, anasema chuma kinene namna ile hakikatiki gari likiwa limelala, kwa hiyo nitazame mkono wa mtu. Mimi mwenyewe namshuku fundi aliyenibadilishia shokapu mwaka jana, kwa kuwa nilimwona kwa macho yangu akiibana springi hiyo kwa mnyororo. Nimshike nani, na nifanye lipi? Naambatanisha picha nne.
Mwalimu, Tanga

JIBU

Mwalimu, nianze na lile lisilongoja: gari hilo lisiende Dar es Salaam kwa magurudumu yake. Kutoka Tanga kupitia Segera na Chalinze ni takriban kilometa 350, na katika safari hiyo ncha ya chuma iliyokatika itakuwa inacheza karibu na ubavu wa tairi kwa saa nyingi, kwa mwendo wa basi la abiria. Ubavu wa tairi ndio sehemu yake laini kuliko zote. Springi ikiteleza kutoka katika kikombe chake wakati gari linapita shimo, ncha ile hukata tairi kama kisu kinavyokata papai, na tairi la mbele linapopasuka ghafla dereva hana muda wa kujiuliza afanye nini. Ikiwa kuna gereji ya kuaminika ndani ya kilometa mbili tatu kutoka kwako, na baada ya kumulika kwa tochi, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kushoto na kisha kulia, ukaona kwamba springi bado imekaa katika kikombe na mkono wako unapita bila kubanwa kati yake na tairi, unaweza kulipeleka gari huko taratibu, bila abiria na bila mzigo. Kama ncha imekaribia tairi, gari lisisogezwe hata kutoka getini. Hapo litahitaji gari la kukokota, au fundi alifuate lilipo.

Wala hakuna sababu ya gari kulifuata duka. Springi za IST zinapatikana kwa wingi katika maduka ya spea ya Kariakoo na Ilala, na binamu yako anaweza kuzinunua asubuhi, akazifunga katika boksi na kuzituma kwa basi la Tanga, zikakufikia jioni. Kinachosafiri kiwe springi.

Sasa picha zako, ambazo nakushukuru kwa kuzipiga vizuri. Katika picha ya tatu, ile ya karibu inayoonyesha uso wa mkato, chuma kina rangi mbili. Ukingoni kuna sehemu ndogo yenye umbo la hilali, ya kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi. Sehemu yote iliyobaki ni ya kijivu, mbichi, yenye chembechembe zinazometa kama sukari. Hilali ile ndiyo ufa wa zamani. Ilikwishapata kutu muda mrefu kabla ya Jumapili, maana chuma kilichokatika jana hakiwezi kuwa na kutu nyeusi leo. Ile sehemu ya kijivu ndiyo iliyokatika mara moja, na mlio wake ndio mliousikia. Kwa maneno mengine, springi yako ilikuwa inakatika kwa miezi mingi, na alfajiri ile ilimaliza tu kazi iliyokwisha kuanza.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo hata mafundi wengi hawalitilii maanani. Waya wa koili springi, ingawa machoni unaonekana unakandamizwa, kwa ndani husokotwa, kama khanga inavyosokotwa kwa mikono miwili inapokamuliwa maji. Katika msokoto huo moyo wa waya haubebi kitu kikubwa. Mzigo mzito hubebwa na ngozi yake, yaani tabaka la nje, na hasa upande unaotazama ndani ya mzunguko. Ndiyo maana kiwandani ngozi hiyo hutunzwa sana: springi hupigwa kwa mvua ya chembe ndogo za chuma ili tabaka la nje lijikaze, kisha hupakwa rangi ngumu ya unga inayookwa katika tanuri. Rangi ile si urembo. Ikibanduka mahali padogo kama ukucha na unyevu ukaingia, kutu huchimba kishimo, kishimo hugeuka mwanzo wa ufa, na kila tuta unalopita huusukuma ufa ule mbele kwa kiasi kisichoonekana kwa macho.

Kwa nini basi isikatike njiani, ikangoja gari lipumzike? Ni kwa sababu gari likilala, springi hailali. Uzito wa injini na bodi uko juu yake usiku kucha kama ulivyokuwa mchana. Zaidi ya hapo, chuma cha springi ni kigumu mno, na chuma kigumu cha namna hiyo, kikiwa na ufa, kinaweza kukatika kwa kuchelewa: unyevu huendelea kuudhoofisha mwisho wa ufa taratibu, hata pasipo mtikisiko wowote, mpaka chuma kilichosalia kinashindwa kustahimili uzito. Ndiyo maana wenye magari wengi husimulia kwamba springi zao zilikatika gari likiwa limesimama, au dereva akiwa anakata usukani ili aegeshe, au fundi akiwa anashusha jeki. Mwambie jirani yako, kwa heshima zote, kwamba mkono wa mtu haumo; mkono wa bahari ndio uliomo.

Bahari nasema kwa makusudi. Umeandika Tanga, na katika picha ya kwanza naona mchanga umejaa ndani ya kikombe cha chini cha springi, pale mzunguko wa mwisho unapokalia. Kikombe kile kina umbo la sahani. Hupokea mchanga, changarawe na maji, na huvihifadhi. Kila springi inapobonyea, mchanga hukwaruza rangi, na hewa ya chumvi humalizia. Mahali palipokatika ndipo hasa springi nyingi za mbele hukatika. Huko Uingereza, ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, springi iliyokatika ni kasoro ambayo wakaguzi wa magari wameizoea, wala hakuna anayeshangaa.

Kwa hiyo fundi wako wa mwaka jana namwachilia huru katika shtaka hili. Mnyororo aliutumia kubana mizunguko ya kati, na pale hakuna mkato. Kama angekuwa ameijeruhi springi, jeraha lingeonekana kwenye mizunguko iliyoguswa na mnyororo. Lakini simwachilii huru katika mtindo wake wa kazi. Springi ya mbele ya gari dogo, hata tairi linapokuwa linaning'inia hewani, bado imebanwa kati ya vikombe viwili, na nguvu iliyomo inatosha kuvunja taya. Nilipokuwa mwanafunzi wa gereji, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, mwenzangu alifungua nati ya katikati ya shokapu akiamini kwamba waya wa kufungia mizigo alioufunga ungeshika. Waya ulikatika, springi ikaruka ikagonga bati la paa, ikarudi chini na kutua katika karai la kuoshea vyuma. Haikumgusa mtu. Bati lile lilibaki na uvimbe kama mgongo wa kasa, na bosi wetu hakulibadilisha kwa muda wote niliokuwa pale, akisema linafundisha vizuri kuliko yeye.

Kuhusu kuchomelea, jibu ni hapana, na sababu yake inatokana na yale niliyokwisha kueleza. Chuma cha springi huwa springi kwa sababu ya moto uliopimwa: huchomwa hadi kuwa chekundu, huzamishwa ghafla katika mafuta ili kikakamae, kisha hupashwa tena kwa joto dogo ili ukakamavu ule usiwe wa kioo. Fundi wa kuchomelea akikigusa kwa umeme, anayeyusha mahali padogo na kuharibu mpangilio wote ule kwa sentimeta kadhaa kila upande: karibu na kovu chuma kinakuwa kikavu kama kigae, mbali kidogo kinalegea. Kovu lenyewe linakaa kwenye ngozi, ambako ndiko mzigo uliko. Springi iliyochomelewa huonekana nzima na huweza kustahimili siku tatu au miezi mitatu, na hilo ndilo linaloifanya kuwa mbaya kuliko iliyokatika waziwazi, kwa sababu mwenye gari hurudisha imani yake barabarani. Fundi wako wa mtaani huenda ana nia njema ya kukuokolea fedha. Mpe kazi nyingine ya kuchomelea. Geti halikosi bawaba mbovu.

Nunua springi mbili, za kushoto na kulia, hata kama ya kulia bado ni nzima. Springi hupungua kimo kadiri inavyozeeka, na IST yako imekwisha kupita miaka ishirini; ukiweka mpya upande mmoja na kuacha ya zamani upande wa pili, gari litainama upande wa pili badala ya huu, na wakati wa kufunga breki kwa ghafla litakuwa na tabia mbili tofauti. Tena, mchanga na chumvi vilivyoila springi ya kushoto havikuisamehe ya kulia. Mwambie fundi aifute kwa brashi ya waya pale chini akuonyeshe. Nitashangaa sana ikiwa hakuna rangi iliyovimba.

Suala la mtumba au mpya lina pande mbili, na sitaki kusema kwamba mtumba wote ni mbaya, kwa kuwa magari yetu yenyewe ni mtumba. Lakini fikiria springi ya mtumba imetoka wapi. Japani nayo ina mikoa ya theluji, kama Hokkaido, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi, na springi iliyotoka kwenye gari la huko inaweza kukufikia ikiwa na ugonjwa uleule unaoukimbia. Muuzaji akiipulizia rangi nyeusi ya kopo, hutaona kitu. Kwa milango, taa na bampa ningekushauri mtumba bila kusita. Kwa springi ningekushauri mpya, na kama mfuko haukubali, basi chagua ya mtumba ambayo haijapakwa rangi upya, uikague mizunguko miwili ya chini na miwili ya juu, na uipitishie kidole ndani ya mzunguko. Ukihisi vishimo, irudishe kaunta.

Iwe mpya au ya mtumba, hakikisha ni ya gari lako hasa. Zipo IST za injini ya 1.3 na za 1.5, zipo zinazovutwa na magurudumu mawili na nyingine manne, na uzito wa mbele haulingani. Gari lako linapaswa kuwa na chesisi inayoanza na NCP60. Mpe binamu yako namba kamili ya chesisi kutoka kwenye kadi ya gari, asiende dukani na neno "IST" peke yake. Kwenye springi nyingi za kiwandani utaona madoa ya rangi yaliyopigwa kwa brashi. Hayo ni alama za kutambulisha aina na ugumu wake. Kama ya kushoto ina doa la rangi moja na ya kulia lingine, muulize muuzaji kabla hajakuandikia risiti, kwa sababu zipo gari ambazo kiwanda chenyewe huweka springi tofauti kidogo kwa kila upande, na zipo duka ambazo huchanganya tu.

Siku ya kazi, simama hapo. Gari liwekwe juu ya stendi, si juu ya jeki pekee. Kabla ya kufungua bolti mbili zinazounganisha shokapu na kitovu cha tairi, fundi achore mstari kwa msumari au rangi kuonyesha zilivyokaa, kwa kuwa matundu yake huacha nafasi kidogo na tairi linaweza kurudi likiwa limelala. Springi ibanwe kwa vibano viwili vya skrubu vinavyotazamana, vikazwe kwa zamu, na nati ya katikati ya shokapu isiguswe mpaka springi icheze kwa mkono ndani ya vikombe vyake. Kama gereji haina vibano hivyo, nenda gereji yenye navyo. Hili sitalibishania na mtu.

Gari likiwa limefunguliwa namna hiyo, ni wakati wa kutazama vitu ambavyo baadaye vitakugharimu kazi ileile mara ya pili. Umesema shokapu zina mwaka mmoja. Ziangaliwe kama hazivuji mafuta, kwa maana shokapu iliyofanya kazi chini ya springi mbovu hupigika kuliko kawaida yake. Mauntini ya juu, yaani kile kiti kinachoshikilia kichwa cha shokapu kwenye bodi, pamoja na beringi yake izungushwe kwa mkono: ikikwaruza, ibadilishwe, na nina wasiwasi kwamba mlio ule wa kugonga unaousikia unapokata usukani una mchango wake, ingawa ncha iliyokatika peke yake inatosha kuueleza. Raba ya kugotea, ile inayozuia shokapu isigonge chuma kwa chuma, katika gari la umri huu mara nyingi huwa imebaki makombo. Mpira wa maji ya breki na waya wa kihisi cha breki vipite mahali pake bila kuguswa na springi. Kikombe cha chini kioshwe kabisa, kikwanguliwe kutu na kupakwa rangi. Hiyo ni kazi ya robo saa, na ndiyo itakayoamua kama springi mpya itaishi kuliko ya zamani.

Wakati wa kurudisha, ncha ya chini ya springi ikae katika kidaraja kilichotengenezwa ndani ya kikombe kwa ajili yake. Ikipita kidaraja hicho, gari litalia "ting" kila unapokata usukani, na utarudi kwangu na barua ya pili. Baada ya hapo pima alaimenti, yaani ulinganifu wa magurudumu, kisha endesha wiki moja ukiwa na masikio, urudi fundi akaze bolti tena.

Bima uliyonayo, hata ikiwa kubwa, kwa kawaida hailipi springi iliyochakaa, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kuuliza.

SWALI

Mjibu Maswali, habari za kazi. Nina Hilux ya kubebea ndizi kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini. Springi zake za nyuma ni zile bapa zilizopangana kama kurasa za kitabu. Mwaka huu bapa moja limekatika mara mbili upande wa kulia, mara zote mbili katikati, penye tundu la bolti. Kila mara fundi ananibadilishia bapa na kuongeza lingine juu yake ili kuwe na nguvu. Gari sasa linadunda kama mkokoteni na bado sina amani. Tatizo ni ndizi?
Mzee wa Rungwe

JIBU

Shikamoo, Mzee. Ndizi zinaweza kuwa na sehemu yake, lakini mahali palipokatika panasema jambo jingine. Bapa linapokatika katikati penye tundu, mara mbili, upande uleule, mshukiwa wa kwanza ni U-bolti zilizolegea. Tundu lile la bolti ya katikati ndilo sehemu dhaifu kuliko zote katika springi yako, na waliolitoboa walijua hivyo; kinga yake ni U-bolti mbili zinazobana mabapa yote kwenye ekseli kwa nguvu kiasi kwamba sehemu ya katikati haipindi kabisa. Zikilegea, hata kidogo tu, katikati inaanza kupinda kila shimo, na mpindo wote unakwenda kukutana penye tundu. Bolti ya katikati nayo inaweza kukatika, ekseli ikasogea, na gari likaanza kwenda mshazari kama kaa.

Bapa jipya lililowekwa chini ya U-bolti za zamani ni nusu ya kazi. U-bolti ikisha kukazwa kwa nguvu yake yote huwa imevutika, na nyuzi zake zimechoka. Kuirudisha ni kuokoa kidogo na kupoteza kingi. Nunua mpya nne kwa upande wa kulia na kushoto, mwambie fundi asafishe kutu na udongo kati ya mabapa na kwenye kitako cha ekseli, azikaze kwa zamu kwa mkato wa msalaba gari likiwa limekalia magurudumu yake, kisha urudi baada ya safari tatu nne za Mbeya zikazwe upya. Safari hizo ndizo zinazokalisha mabapa mahali pake na kuzilegeza nati.

Mabapa yaliyoongezwa yaondolewe. Kila moja huongeza ugumu, na ndiyo sababu ya kudunda. Lakini halikuongezei ekseli, breki wala tairi, ambavyo vimebaki na uwezo uleule wa kiwandani. Hilux ikiwa imejaa ndizi hadi juu ya kabini, mteremko wa kuingia Mbeya haujali una mabapa mangapi. Tafuta kibati cha kiwanda kinachoonyesha uzito unaoruhusiwa, pima mzigo wako siku moja kwenye mizani, na kama umezidi, punguza mikungu michache kila safari. Bapa lililokatika nalo lisichomelewe. Sababu ni ileile niliyompa Mwalimu wa Tanga.

SWALI

Kaka, nataka IST yangu ishuke chini ipendeze. Fundi anasema akate mzunguko mmoja wa springi kwa mashine ya kukatia vyuma. Kuna ubaya?
Kijana, Kinondoni

JIBU

Upo, ndugu yangu. Springi ikipunguzwa mizunguko haipungui kimo tu, inakuwa ngumu. Yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiikata mmoja, inakuwa ngumu kwa asilimia 20 zaidi, wakati shokapu zako zimetengenezwa kwa ugumu wa awali. Ncha iliyokatwa haina tena umbo la kukaa kwenye kikombe, na ikiwa imekatwa kwa moto, chuma cha pale kimekwisha kuharibika kabla hujatoka gereji. Wengine hufanya kinyume, wakatafuta springi ya waya mnene ili gari linyanyuke, bila kujua kwamba ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene: kutoka waya wa milimeta 12 kwenda 13, tofauti isiyoonekana kwa macho, springi inakuwa ngumu kwa karibu asilimia 38.

Kama ni lazima lishuke, nunua seti ya springi fupi zilizotengenezwa kuwa fupi, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Kabla hujalipa, pita kwanza kwenye matuta yote ya mtaani kwako ukiwa na abiria wanne, usikilize tumbo la gari linavyogusa sasa hivi, likiwa bado na kimo chake.